Mikono ya Mwalimu Kibona

Mchwa-chuma walikuwa wanaila kompyuta ya thelathini na tisa. Walitambaa juu yake maelfu kwa maelfu, kila mmoja roboti mdogo kuliko punje ya ulezi, wakiifumua waya kwa waya na kuijenga upya papo hapo. Kwa dakika nne tu, mashine iliyochoka iligeuka kuwa mpya, yenye uwezo wa kuzungumza na mtoto na kumjibu kila alichouliza.

Injinia Subilaga Mwakatobe aliwatazama kwa fahari. Maktaba hii ya Itende Mpya ilikuwa ya kumi na mbili kwake mwaka huo wa 2094, na hakuna hata moja iliyowahi kumchelewesha.

"Injinia, simamisha!" Mkutubi, Mama Tumwitike, alikuja mbio. "Ile ya kona ya watoto usiiguse!"

Kwenye kona hiyo binti wa miaka tisa alikuwa ameikumbatia kompyuta kuukuu, na mchwa wa kwanza walikwisha kuanza kupanda mguu wa meza. Subilaga alibonyeza kitufe mkononi. Mchwa wote wakaganda.

"Huyu ni Tusekile. Hasikii tangu azaliwe," alisema Mama Tumwitike, akihema. "Humo ndani mna programu ya kufundisha kusoma kwa lugha ya alama. Aliitengeneza Mwalimu Kibona, naye kiziwi, kwa mikono yake mwenyewe. Alishafariki, na nakala nyingine hatuna."

"Lakini mashine mpya zinajua kila kitu, mama."

"Zinajua kuongea. Huyu ataongea nazo vipi?"

Subilaga alitazama saa. Aliagizwa kubadilisha mashine zote arobaini kabla ya saa sita mchana. Saa nne na nusu ilikuwa imefika.

Akaihamishia programu ile kwenye mashine mpya. Ikagoma kufunguka. Basi akaunda kompyuta-kivuli, yaani mashine isiyo na mwili inayoishi ndani ya nyingine, ili programu idhani bado iko kwake kwa zamani. Ikafunguka! Mwalimu Kibona akatokea kiooni, mwenye mvi na tabasamu, lakini mikono yake ilizunguka kama mapanga ya feni. Mashine mpya ilikuwa na kasi mara elfu ya ile kuukuu. Tusekile akaanza kulia.

Subilaga akapunguza kasi, mikono ikazubaa hewani. Akaongeza, ikapotea tena. Hapo akatambua kwamba yeye hakijui kipimo sahihi, kwa kuwa haijui lugha yenyewe. Akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Mama, mwambie mimi nimeshindwa. Anielekeze yeye."

Mama Tumwitike alitafsiri kwa alama. Tusekile akajifuta machozi, akavuta kiti. Mtoto akiinua kidevu, Subilaga aliongeza kasi. Akishusha kiganja, alipunguza. Waliendelea hivyo zaidi ya saa nzima, wakirekebisha hata vipande vidogo kabisa vya sekunde.

Saa tano na dakika hamsini, Mwalimu Kibona alionyesha kwa alama neno "maji". Tusekile akamjibu kwa vidole vyake. Jicho la mashine likamwelewa, na neno likawaka kiooni.

Binti aliruka juu! Subilaga akaisambaza programu kwenye mashine zote, na Mwalimu Kibona akasalimia kutoka kwenye vioo vyote kwa pamoja. Wasomaji wakasimama, na kwa kumwiga Tusekile, wakatikisa mikono juu, ndivyo viziwi wanavyopiga makofi.

"Na huko kwingine ulikopita," Mama Tumwitike aliuliza huku akicheka, "ulikuta nini?"

Tabasamu likafifia usoni mwa Subilaga. "Sikuuliza, mama."

Alitoka nje, akaketi kwenye ngazi, akapiga simu maktaba ya kwanza kati ya zile kumi na moja zilizotangulia.

"Ni mimi, injinia aliyekuja mwezi wa pili. Kabla sijazibadilisha zile kompyuta, watoto walikuwa wanatumia nini?"

Upande wa pili akasikia kiti kikivutwa.

"Una nafasi?" sauti ya mzee iliuliza. "Maana ni mengi."