Kumwiba Dada Pamba

Alhamisi, saa 10:20 jioni. Mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo.

Seifu alichora kwa chaki kwenye mlango wa friji bovu. Mstari, ngazi. Mraba, ofisi. Mraba mdogo ndani yake, stoo. Ndani ya stoo akaweka nukta.

"Mashine iko hapa. Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Likoma. Mlango wa nje una kufuli la Kichina, dakika moja. Wa stoo una kitasa cha maana. Huo nipeni dakika nne."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha karakana yake. Joto. Harufu ya grisi. Seifu alikuwa fundi vitasa, miaka sitini na moja. Aliwahi kufungwa miaka sita kwa mlango wa sonara. Tangu atoke hakufungua mlango wa mtu bila mwenyewe kumwita. Kesho angefungua kwa ajili ya mtoto wa dada yake.

Mtoto huyo wa dada, Badria, alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Miaka arobaini na minne. Hakuwa amezungumza tangu aingie. Siku hizi alizungumza kidogo mno.

"Beno," Seifu alisema, "rudia habari ya mashine. Polepole. Mimi si mtu wa kompyuta."

Beno alikuwa fundi simu. Alifanya kazi miezi minane katika kampuni ya simu za Pambazuko, wakamfukuza.

"Mzee, kila anachosema Dada Pamba akiwapigia watu simu kuna mtu kakichapa. Mashine inaandika nani kachapa, lini, saa ngapi. Kumbukumbu hiyo haiko kwingine kokote. Wanaogopa ikivuja."

"Na jina la aliyechapa maneno ya bomoabomoa?" Seifu aliuliza.

"Limo."

"Mboni ataliona?" Badria aliuliza.

"Ataliona kwa macho yake, dada."

Hilo ndilo alilotaka. Hakutaka kingine.

Miaka mitatu nyuma Pambazuko walimweka Badria kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro. Siku kumi na tisa alisoma sentensi. Wakampa simu moja na karatasi ya kutia saini. Mashine ikajifunza sauti yake, ikaanza kusema yenyewe maneno ambayo yeye hajayasema. Wakaiita Dada Pamba, wakaitia ndani ya kila simu waliyouza. Ukiuliza hali ya hewa, anakujibu. Ukiuliza pilau, anakuelekeza. Mwanzoni Badria alijivuna. Watoto wa mtaani walimwamkia, "Shikamoo Dada Pamba," naye akaitikia.

Kisha uchaguzi ukaja. Kampuni ilitaka vibali. Mheshimiwa Kisaro, mgombea, alitaka kura. Wakaelewana. Dada Pamba akaanza kupigia watu simu. Wiki mbili zilizopita aliwapigia wenye vibanda wote wa mtaa wao: bomoabomoa imesitishwa, Mheshimiwa ameshaongea na wahusika, msihamishe kitu. Watu walimwamini. Ilikuwa sauti ya Badria wao. Asubuhi greda likaja. Mboni, rafiki yake kwa miaka ishirini, alivunjika mguu akiliokoa friji lake. Badria alipokwenda wodini, Mboni aligeukia ukutani.

Badria alikwenda kituo cha polisi mara mbili. Alikwenda kwenye kampuni mara tano. Mara ya tano yule mpokezi, Caroline, alimwambia kwa upole kwamba malalamiko yote yanapokewa na Dada Pamba. Badria akashika simu, akalalamika. Sauti yake mwenyewe ikamjibu: "Pole sana, mpendwa mteja. Nimekuelewa."

Ndipo alipokuja kwa mjomba wake.

"Kutoka?" Seifu alimgeukia wa nne.

Shukuru alikuwa winga. Winga wa Kariakoo hana duka. Humdaka mteja barabarani, humuuliza anataka nini, kisha hukimbia kukitafuta kwenye duka la mtu mwingine. Mteja kwanza, mali baadaye. Alikuwa na mdomo mtamu na viatu vyeupe.

"Kutoka ni mteremko, mzee. Tunaifunga kwenye gunia la salfeti, tunaandika kwa wino mkubwa, MAMA CELINA, SONGEA. Kariakoo mzigo wenye jina na mkoa nani anauuliza? Beno anakanyaga guta la magurudumu matatu, tunavuka Msimbazi, tupo hapa."

"Watu wa kodi wanauuliza. Wamejaa kila kona, wanataka risiti."

"Risiti niachie mimi. Nina duka rafiki."

"Ijumaa," Seifu alisema, akafuta chaki kwa kiganja. "Bosi na mlinzi wanakwenda kuswali. Caroline anashuka kwa mama lishe. Jumapili watu wanapiga kura. Tukikosa kesho, tumekosa."

Ijumaa, saa 6:34 mchana. Mtaa wa Likoma.

Adhana ilikuwa imeshaanza. Maduka yalishusha milango nusu. Bosi wa Pambazuko alitoka na kanzu iliyopigwa pasi. Mlinzi alimfuata, mswala begani.

Seifu aliwatazama mpaka wakapotea.

"Tangu nitoke jela sijakosa Ijumaa hata moja."

"Mungu anaangalia nia, mzee," Shukuru alisema.

"Ndilo ninaloogopa."

Saa 6:43.

Caroline alishuka na kibakuli chake. Wakapanda. Shukuru alibaki kwenye ngazi kulinda. Kufuli la Kichina lilifunguka kabla Badria hajamaliza kuvuta pumzi.

Mapokezi palikuwa na simu kubwa ya maonyesho, imesimamishwa juu ya meza. Kioo chake kiliwaka.

"Karibu Pambazuko. Nikusaidie nini?"

Beno aliruka. "Mama yangu!"

"Samahani, sijakuelewa. Ungependa kumpigia mama?"

"Zima hilo dude," Seifu alinong'ona.

"Samahani, sijakuelewa."

Badria aliisogelea. Ilikuwa kama kujiona kwenye kioo ukiwa hujajitayarisha.

"Nyamaza," alisema.

"Sawa. Nitanyamaza."

Saa 6:52.

Kitasa cha stoo kilikuwa kimebadilishwa. Seifu alikiona mara moja, akatukana kimya kimya. Alijaribu ufunguo malaya wa kwanza, ule wa kufungulia kitasa chochote. Wa pili. Jasho lilimdondokea kwenye vidole. Dakika nne zilipita. Sita. Nje, khutba ilisikika kutoka vipaza sauti viwili, moja ikiikatiza nyingine.

"Mzee, tuondoke," Beno alisema.

"Kaa kimya."

"Watarudi, mzee! Mimi nina mke!"

"Na mimi nina Badria. Shika tochi."

Dakika ya tisa ulimi wa kitasa ukarudi ndani.

Mashine ilikuwa sanduku jeusi, si kubwa kuliko katoni ya sabuni. Taa yake ya kijani ilipepesa. Mtu alikuwa amebandika karatasi: DADA PAMBA, USIZIME. Beno alichomoa nyaya moja baada ya nyingine. Taa ikafa. Badria alitazamia kuhisi kitu. Alihisi kiu tu.

Saa 7:08.

Walikutana na Caroline ghorofa ya pili, anapanda, kibakuli mkononi. Beno alificha uso nyuma ya mzigo, Badria akavuta mtandio. Shukuru hakusita.

"Dada tupishe, mzigo wa Songea huu, gari inaondoka!"

Caroline alijibana ukutani. "Poleni kwa kazi, kaka zangu."

Saa 7:14. Kona ya Msimbazi.

Swala ilikuwa imekwisha. Kanzu zilijaa barabarani. Beno alikanyaga guta, Shukuru mbele akifungua njia, "Mzigo! Mzigo huo!" Seifu na Badria walifuata nyuma kama watu wasiojuana. Ng'ambo ya barabara ilikuwa Gerezani. Hatua mia moja.

Mwanamke mwenye kizibao na kitambulisho shingoni aliinua mkono.

"Risiti."

"Hiyo hapa, bosi wangu," Shukuru alisema. Aliitoa haraka, akaikunja nusu.

Mwanamke aliikunjua. Alisoma kwa sauti, kama wanavyosoma wakitafuta kosa. "Kompyuta moja. Mnunuzi, Mbwera na Wenzake, Mawakili." Alitazama salfeti. "Mbona hapa mmeandika Mama Celina?"

Badria alisimama. Jina hilo lilikuwa kwenye kila nguzo ya umeme kutoka hapo mpaka Posta. Wakili Mbwera. Mpinzani wa Kisaro.

"Mama Celina ndiye mpokeaji," Shukuru alisema bila kupepesa.

Badria alimsogelea. "Shukuru. Jina la nani hilo?"

"Baadaye, dada."

"Sasa hivi."

Alimnong'oneza haraka, huku akimchekea yule mwanamke. "Mteja alitaka karatasi yenye jina lake. Nishampata tangu Jumatatu. Ananipa fremu, Badria! Fremu ya duka, mtaa wa Swahili! Miaka kumi na mbili nasimama juani."

"Atawaonyesha watu yaliyomo?"

Shukuru alikaza kamba ya salfeti.

"Atamwonyesha Mboni?"

"Hataki yaliyomo. Anataka na yeye sauti yako iwapigie watu. Kesho usiku. Mara moja tu."

Seifu alikuwa amefika. Alisikia. Uso wake ukawa wa mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta.

"Umeuza mechi," alisema.

"Mimi ni winga, mzee. Ulidhani nimekuja kufanya nini?"

Yule mwanamke alikuwa akirudisha risiti. Baada ya hapo guta lingeondoka. Badria aliona njia moja tu. Wangekamatwa wote, lakini sanduku lingeandikwa kwenye daftari la serikali, na mtu, siku moja, angelifungua.

Alipanda juu ya ukingo wa barabara.

"Huu mzigo ni wa wizi!" alipiga kelele. "Tumeuiba sasa hivi! Mimi ni mwizi! Tukamateni!"

Kona yote ikanyamaza. Kariakoo neno hilo huvuta mawe. Beno alijikunja juu ya guta, akafumba macho.

Kisha muuza soksi mmoja akaangua kicheko.

"Oya! Si Dada Pamba huyo!"

"Kweli bwana! Sauti ile ile!"

"Dada Pamba, mvua itanyesha kesho?"

"Pambazuko wameleta tangazo jipya, njooni muone!"

Simu zikainuliwa, kumi, ishirini, zikimrekodi. Badria alizunguka akitazama nyuso. Wote walifurahi.

"Si tangazo! Naitwa Badria! Nawaambia kweli!"

"Anajua kuigiza huyu," mzee mmoja mwenye kanzu alimwambia mwenzake.

Hata mwanamke wa kodi alitabasamu. "Matangazo yenu kafanyieni mbele huko, mnaziba njia. Haya, piteni."

Saa 7:19.

Shukuru alimsukuma Beno atoke kwenye kiti, akashika usukani mwenyewe. Ng'ambo, gari jeupe aina ya Noah liliwasha taa mara mbili, likimwita. Seifu alimkamata ukosi.

"Geuza guta."

"Mali imeshauzwa, mzee. Niachie."

"Geuza, mwanangu."

Vijana wawili walishuka kwenye Noah wakavuka mbio. Mmoja aliinua spana. Alimpiga Seifu usoni, mara moja. Nyusi ya mzee ilipasuka, damu ikamfunika jicho, akapiga magoti kwenye vumbi. Beno aliona hiyo damu. Alikimbia kuelekea sokoni na hakugeuka.

Guta lilikuwa linapanda ukingo wa njia ya mabasi ya mwendokasi. Shukuru alisukuma kwa kifua. Salfeti liliyumba. Badria alisikia honi ndefu kushoto kwake. Basi lilikuwa linatoka kituoni, limejaa mpaka mlangoni.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na jina. Lilikuwa kitu pekee duniani ambacho kingemfanya Mboni ageuke kutoka ukutani. Na sanduku hilo hilo, kesho usiku, lingempigia tena kila mtu wa mtaa, kwa niaba ya mtu mwingine.

Alikimbia. Hakuligusa guta. Alilirukia salfeti, akalikumbatia, akalivuta kwa uzito wake wote. Kamba ikakatika. Alianguka chali, sanduku likabiringika mbele ya basi.

"Wewe! Fremu yangu!" Shukuru alijitupa kulifuata, mkono mbele.

Breki zililia. Tairi la mbele lilipanda kitu, likashuka. Sauti ilikuwa kama ya kabati kuanguka. Baada yake Shukuru ndiye aliyesikika, akilia kama mtoto, akiukumbatia mkono ambao vidole vyake havikuelekea tena upande mmoja.

Noah ilikuwa imeshaondoka na wale vijana. Njagu, polisi wa doria, walikuja kwa miguu kutoka kona ya pili. Watu walizidi kurekodi. Hakuna aliyecheka sasa.

Seifu alijikokota mpaka alipokaa Badria, barabarani, katikati ya vipande vyeusi.

"Umeua ushahidi wako mwenyewe, mama."

"Najua, mjomba."

"Ningeweza kuwashika. Ungenipa dakika."

"Hukuweza, mjomba."

Mzee alifuta damu kwa mkono wa shati. Aliinyoosha mikono yake mbele, tayari kwa pingu, kabla polisi hawajamwambia.

Saa 9:40 alasiri. Kituoni.

Mpelelezi alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia Badria shikamoo kabla ya kumfungua pingu. Chumba cha jirani Seifu alikuwa akishonwa nyusi. Shukuru alikuwa hospitalini, chini ya ulinzi, na walisema tayari ameanza kutaja majina. Jina la Badria lilikuwa la kwanza.

"Mama, maelezo yako nitayarekodi. Siku hizi hatuandiki, simu inasikiliza na kuchapa yenyewe. Ukimaliza, unatia saini."

Aliiweka simu mezani. Ilikuwa Pambazuko. Kioo kikawaka.

Badria alifunga mdomo.

"Sema tu, mama. Taratibu. Anza na jina."

Alitikisa kichwa. Akaelekeza kidole kwenye mfuko wa shati la kijana, kwenye kalamu.

"Huwezi kusema?"

Alinyoosha mkono. Akauacha hewani mpaka kijana alipoachia pumzi, akaipindua simu kifudifudi, akampa kalamu na karatasi tatu.

Ilikuwa miaka mingi hajaandika kitu kirefu. Herufi zilimtoka kubwa, zimepinda kama za mtoto wa darasa la tatu. Aliandika jina lake, jina la baba yake, mtaa, umri. Aliandika kwamba ameiba, na ameiba wapi. Alipofika kwenye sababu alisimama kidogo, akavuta karatasi ya pili, akaandika jina la Mboni juu kabisa, akainama kuendelea.

Kijana alitazama saa. Alimwambia ana karatasi tatu tu. Badria alinyoosha mkono tena, aongezwe.