Bikari la Babu na Mstari Uliokosekana

Kila alasiri, sare ikishavuliwa na viatu vikishapangwa mlangoni, meza ya chakula nyumbani kwa babu ilifutwa kwa kitambaa chenye maji na kugeuka darasa. Babu alikuwa mwalimu wa hisabati aliyestaafu, lakini ukimwona alivyovuta kiti na kukohoa kidogo kabla ya kusema, ungedhani kengele imelia sasa hivi. Mbele yake aliketi mjukuu wake wa darasa la saba, ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Kwanini. Jina hilo alilipata tangu akiwa mdogo, kwa kuwachosha watu kwa maswali.

Ukutani, juu ya kabati la vyombo, lilining'inia bikari la mbao, lile kubwa la kuchorea duara ubaoni, lenye kishikio cha chaki upande mmoja. Babu alikuja nalo siku alipoagwa shuleni, na miaka yote hiyo bado liliacha unga mweupe mkononi ukiligusa. Bi Kwanini alilitamani kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile. Babu naye alikwishasema wazi kwamba bikari atalipata mjukuu atakayemletea uthibitisho wa swali lake.

Swali lenyewe lilikuwa rahisi kulisema. Chora umbo lolote lenye pande nne, hata liwe limekwenda kombo namna gani. Tafuta katikati ya kila upande. Unganisha nukta hizo nne kwa mistari. Ndani utapata umbo jipya, na hilo jipya siku zote ni msambamba, yaani pande zake zinazotazamana ziko sambamba. Sasa eleza kwa nini.

"Nimepima, babu. Ni kweli," Bi Kwanini alisema siku ya kwanza.

"Umepima maumbo mangapi?"

"Mengi."

"Basi mimi nitakuuliza lile ambalo hujalipima," babu alijibu, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kupima ni kupima, bibie. Mimi nataka uthibitisho."

Likizo ilipofika, shangazi alikuja na mzigo mkubwa nyuma ya gari. Shangazi huyo alikuwa binti wa babu, mwalimu wa kompyuta chuoni, na mzigo wenyewe ulikuwa kompyuta kuukuu ambayo chuo hakikuitaka tena. Ilikuwa nzito kama gunia la saruji na feni yake ilinguruma nyumba nzima ikasikia. Ndani yake mlikuwa na programu ambayo shangazi na wenzake waliitengeneza. Unaiandikia yale unayoyajua kuhusu umbo, kisha unaiandikia unachotaka kithibitishwe. Programu inatafuta njia yenyewe, hatua kwa hatua, na kila hatua inaitolea sababu.

"Haichoki na haibahatishi," shangazi alimwambia Bi Kwanini. "Ila haina macho. Mchoro wako haiuoni. Inajua yale tu uliyoiambia, na inayaamini yote."

Bi Kwanini alisikia sehemu ile ya kutochoka. Hiyo nyingine ilimpita.

Shangazi aliporudi chuoni, msichana alikaa mbele ya mashine akaiandikia swali la babu. Pande nne, nukta nne za katikati, mistari minne ya kuziunganisha. Mashine ilinguruma, ikafikiri, halafu ikaandika: SIJAPATA NJIA. Alirudia kwa maneno mengine, jibu likawa lile lile. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ikaisha, mashine inasema haijapata njia, na bikari liko ukutani linamtazama.

Ndipo alipoitazama karatasi aliyochorea. Kwa kupenda usafi, umbo lake alikuwa amelichora vizuri mno, pande zake za juu na chini zikaenda sawa, na za kulia na kushoto vilevile. Akajiambia, mbona kwenye mchoro wangu pande zinazotazamana ni sambamba, basi nikiiambia hivyo mashine kuna ubaya gani? Aliongeza mstari mmoja tu: pande zinazotazamana za umbo la nje ni sambamba. Safari hii mashine haikukawia. Iliandika IMETHIBITISHWA, na mtambo wake wa kuchapa ukaanza kutoa karatasi kwa mlio wake wa kukereza.

Alikimbia nayo sebuleni. Macho ya babu yalikuwa yamefifia siku hizo na kila kitu alisomewa, kwa hiyo alifumba macho akaegemea kiti. "Anza na yaliyotolewa, yale uliyoiambia mashine," alisema. "Yote."

Bi Kwanini alisoma la kwanza, akasoma la pili na la tatu. Alipofika kwenye mstari ule aliouongeza, ulimi ulikuwa mzito. Alijua vizuri swali linasema umbo lolote. Aliuruka, akaendelea na hatua zilizofuata.

Babu alifumbua macho. "Basi mashine imepita njia ambayo mimi siijui," alisema taratibu. "Hongera, mama. Hongera sana." Aliinuka mwenyewe, akapapasa ukuta mpaka akalipata bikari, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Siku zilizofuata hazikuwa na raha. Bikari lilikuwa chini ya kitanda chake na hakuwa na hamu ya kulitoa. Alipolitoa, alichora nalo maduara sakafuni, kisha akachora umbo la pande nne lililokwenda kombo, lisilo na upande hata mmoja ulio sambamba na mwingine. Akaona uthibitisho wake haukuhusu umbo lile hata kidogo. Sebuleni babu alikaa na kidole kikichora juu ya meza, akifuta, akichora tena, chai ikimpoa pembeni. Hata kumtania mjukuu wake alikuwa ameacha.

Jumamosi shangazi alikuja. Babu alimwita mjukuu kabla hata mgeni hajavua viatu. "Msomee shangazi yako. Nataka anieleze, maana mwenzenu nimekesha nikitafuta mashine imepitia wapi. Labda nimezeeka."

Bi Kwanini alilisikia neno hilo la kuzeeka, akaifungua karatasi. Alisoma la kwanza, la pili na la tatu. Halafu akasoma la nne, neno kwa neno.

"Rudia hapo," babu alisema.

Alirudia. "Huo niliuongeza mimi, babu. Mashine ilikuwa inakataa. Siku ile nilipokusomea niliuruka makusudi. Nisamehe."

Shangazi alitazama sakafu. Babu hakugomba, na afadhali angegomba. Alisema tu, "Kumbe sikuzeeka," kisha akaongeza, "Bikari lirudi kwenye msumari wake."

Msichana alilirudisha mwenyewe, akapanda kiti na kulitundika, machozi yakimdondoka juu ya kabati la vyombo. Jioni ile alikaa pembeni mwa shangazi mbele ya mashine. "Kwa nini inakataa?" aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza la kwa nini tangu mashine iingie nyumbani.

"Kwa sababu haithubutu kuchora mstari ambao haikuambiwa," shangazi alisema. "Hilo bado ni la mtu. Siyo kuongeza habari juu ya umbo. Kuongeza mstari wa kuchora, ambao unaweza kuuchora ndani ya kila umbo la pande nne. Upi, sikwambii. Babu yako atanifukuza."

Hakuuona jioni ile wala kesho yake. Aliuona akiwa anakunja leso aliyoianua kambani, akiikunja kona kwa kona ikawa pembetatu mbili zilizolaliana. Aliiacha leso juu ya kitanda, akaenda kuiambia mashine: chora mstari kutoka kona moja hadi kona inayoikabili. Mashine iliandika IMETHIBITISHWA. Lakini hakukimbia. Alisoma hatua zote, kila moja akiiuliza kwa nini, mpaka angeweza kuzisema bila karatasi.

Kisha alimwendea babu, akaomba kiganja chake. Kwa kidole alimchorea humo umbo la kombo la pande nne. Alichora ule mstari wa kona hadi kona. "Sasa zipo pembetatu mbili, babu, na mstari huu ni wa zote mbili. Kwenye pembetatu hii, ukiunganisha katikati za pande mbili, unapata mstari ulio sambamba na huu na nusu ya urefu wake. Kwenye ile ya pili, vilevile. Basi hiyo miwili ni sambamba, na ni sawa kwa urefu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umbo la ndani ni msambamba. Kwa umbo lolote."

Babu alikifumba kiganja chake polepole, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Nenda kalitoe bikari," alisema. Alipoletewa hakumpa mara moja, alilishika naye kwa pamoja. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mashine ile haikukudanganya hata siku moja. Wewe uliidanganya, nayo ikakurudishia uongo wako umevaa nguo nzuri. Chombo chochote utakachopewa maishani kitakuwa hivyo. Kwanza tazama umekiambia nini, na jibu usilolielewa usiliite lako."

Leo Bi Kwanini ni mtu mzima, na kazi yake ni kuzifundisha kompyuta kuthibitisha hisabati. Zake hazingurumi tena, na mistari mingine zinajichorea zenyewe. Kila zinapoandika neno lile la IMETHIBITISHWA, husoma kwanza yaliyotolewa, kwa sauti, yote, kama vile kuna mzee amefumba macho kitini anamsikiliza. Ukutani nyuma yake kuna bikari la mbao, na ukiligusa, unga wa chaki bado unabaki kidoleni.