Yah: Kufuta Nywila ya Mpiga Chapa

Godoro lilishafungwa juu ya gari, na Mpiga Chapa alikuwa na mguu mmoja ndani, anahamia makao makuu, Inspekta wa polisi alipotokea anahema.

"Shuka, dada."

"Afande, nimeshaaga! Nimelia na kila mtu. Nirudi na uso gani?"

Inspekta akamwonyesha karatasi. Saa nne asubuhi ile, Mkurugenzi alipata barua pepe kutoka anwani ya Mpiga Chapa: *Kichwa chako ni jagi, na bado kinavuja.* Mkurugenzi ameapa: ikithibitika ni yeye, uhamisho hana, na kazi hana.

"Saa nne nilikuwa nafunga godoro."

"Nani alikuona?"

"Godoro."

Wakarudi ofisini, kwenye kompyuta yake.

"Mashine hii inanijua. Miaka minne inafungua barua zangu bila kuniuliza kitu. Yeyote angeweza kukaa hapa."

Inspekta akabofya. Mashine ikadai nywila.

"Inakujua, eh? Haya, ifungue."

Akajaribu jina la mwanawe. Ikakataa. La mumewe. Ikakataa.

"Hilo nilijua tu," akanong'ona.

Inspekta akakuna kidevu. Asiyejua nywila yake atatukanaje kwayo? Akamwita Fundi Waya, mtunza kompyuta.

"Afande, nywila iliyohifadhiwa imefutwa saa nne na dakika sita," Fundi alisema. Akabofya, na dirisha jeusi la kuandikia amri likapanda. "Aliyefuta amelishusha tu, hakulifunga."

Inspekta akasoma kwa sauti: "Yah: Kufuta Nywila. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima, naomba ufute."

Mashine ilijibu haielewi. Likafuata ombi la kukumbushia. Haielewi. Mara ya tatu amri kavu, ya kifundi. Ikatii.

"Fundi, amri hii ulimpa nani?"

"Nilimwandikia Mzee Masijala jana. Alisema anataka kujifunza."

Mzee Masijala, mtunza majalada, alikuwa pale pembeni anapanga majalada yaliyokwishapangwa.

"Mzee wangu, barua ya jagi ni yako?"

"Ina kumbukumbu namba?"

"Haina."

"Basi nilisahau kuiweka." Akakaa chini.

"Kwa nini?"

"Miaka kumi na tisa huyu binti ananipigia chapa. Mwandiko wangu anausoma yeye peke yake. Mimi mwenyewe unanishinda! Nilidhani watazuia uhamisho tu. Nikafuta nywila ionekane hakuna mwingine awezaye kufungua. Kufukuzwa sikukutaka, mwanangu."

"Na jagi?" Mkurugenzi aliuliza kutoka mlangoni.

"La jagi, mheshimiwa, nilikuwa nalo siku nyingi."

Mpiga Chapa aliondoka saa tisa. Godoro lilinyeshewa njiani. Fundi Waya alibandika tangazo kila mtu aikumbuke nywila yake. Wakaziandika na kuzibandika chini ya tangazo. Mkurugenzi alianza kuvaa kofia. Mzee Masijala alipewa onyo kali, lakini kesi bado haijafungwa: aliandika kwa mkono wake maelezo ya kukiri kosa, kurasa nne, na kituo kizima hakuna aliyeweza kuyasoma. Inspekta ameyatuma makao makuu, kwa Mpiga Chapa.