Tumbo la Mwokaji

Mpira mwembamba uliopita mdomoni ulikuwa umeingia vidole viwili kupita alama ya wino, na Dishon hakuwa amemeza chochote. Muuguzi Jentrix aliinama akatazama vizuri shavu la mgonjwa, pale alipoubandika mwenyewe kwa plasta. Plasta ilikuwa imebanduka upande mmoja. Akaibandika upya, akajiambia kwamba utumbo nao una tabia ya kuvuta, ndiyo kazi yake, kisha akaenda kumwita daktari.

Ilikuwa mwaka wa 1988, katika hospitali moja ya Kisumu ambayo hatuna haja ya kuitaja. Miaka hiyo ukikonda, majirani walikuzika kabla hujafa. Walikuwa na majina mawili tu ya kukupa: ukimwi, au chira, ile laana ya kuvunja mwiko inayomkausha mtu huku watu wakitazama. Daktari Khaemba hakukubali jina lolote kabla ya kupima. Alikuwa akifanya utafiti juu ya watu wanaoharisha na kukonda bila sababu inayoeleweka. Alipima damu yao, kisha akawamezesha kidonge cha chuma, kikubwa kuliko haragwe, kilichofungwa kwenye mpira mwembamba mrefu. Kidonge kikifika kwenye utumbo mwembamba, daktari anavuta hewa kwa sindano huku nje, kisu kidogo kilichomo ndani ya kidonge kinakata kipande cha utumbo, na vyote vinavutwa kutoka mdomoni. Ukielezwa, lazima ushike tumbo lako.

Dishon alikuwa mwokaji mikate katika bekari moja karibu na stesheni. Mkate aliula asubuhi, akaula mchana, na jioni akabeba nyumbani Nyalenda uliobaki. Zamani alikuwa pande la mtu. Sasa suruali aliifunga kwa kamba, na mkewe Seline alikuwa akimwosha mwenyewe kwa kitambaa. Mama yake Dishon, Selpha, alikuwa ametoa hukumu yake kutoka huko Asembo Bay: ni chira, na aliyeileta ni Seline. Ndugu za mume walikuwa wakingoja mazishi tu, wamfukuze na binti yake Akeyo. Kwa hiyo Seline alipomleta mumewe kwa Khaemba, alikuwa ameleta maisha ya watu watatu.

Siku hiyo kidonge kilikawia. Kilimezwa asubuhi, kikagoma kutoka tumboni, na jua lilipokuwa likizama Dishon alikuwa bado amelala kwa ubavu, mdomo wazi, mate yakitiririka. Ndipo upepo ukainuka kutoka ziwani na kelele zikaanza mjini. Huko Nyalenda watu walipiga sufuria, mabati na madebe. Kila mtu wa pwani ile ya ziwa anajua maana yake: nyawawa wanapita. Ni roho zinazotoka majini na upepo, zikitafuta pa kuingia. Unapiga kelele ili zisonge mbele, na ukisikia jina lako likiitwa, huitiki, maana anayeitika huwa amezifungulia mlango.

Wodini nako wagonjwa walishika sahani na vijiko wakaanza kupiga. Dishon akashtuka, akaanza kukokomoka, mpira ukatikisika mdomoni.

"Jamani, naomba," daktari alisema. "Huyu mtu ana chuma tumboni. Akitapika sasa tutaanza upya kesho, na hana nguvu ya kufika kesho."

Walimheshimu, maana alikuwa mtu mwema. Wakaweka sahani chini. Mji mzima ukawa unapiga, isipokuwa jengo lile moja, na ndani yake mtu mmoja aliyeachama mdomo asiweze kuufunga. Hapo ndipo Jentrix alipoona mpira umeingia.

Aliporudi na daktari, Dishon alisema, "Niko."

Alilisema wazi, mpira ukiwa kooni. Jentrix alimtazama Seline, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, Seline akamtazama daktari. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Daktari alivuta sindano, kisu kikalia ndani kwa mlio mdogo. Kisha akaanza kuutoa mpira taratibu. Mpira haukuja.

"Kuna kitu inashika," Jentrix alinong'ona.

"Ni utumbo umebana. Subiri kidogo."

Walisubiri. Alipovuta tena, mpira ulikaza kama ndoano iliyomezwa na mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ukarudi ndani, taratibu, kwa mvuto wa kitu kilichokuwa na nia yake, ukaivuta na mikono ya daktari mpaka vidole vyake vikagusa meno ya mgonjwa, na wote watatu wakaona mpira ukiteleza kwenye ulimi ilhali koo la Dishon limetulia, halimezi, na macho yake yamewatumbulia, yanalia. Halafu ukaachiliwa ghafla. Kidonge kilitoka na kipande cha nyama ndani yake, na pamoja nacho ikatoka harufu ya mkate wa moto uliotoka jikoni sasa hivi, kinywani mwa mtu ambaye hakuwa amekula tangu jana yake. Daktari Khaemba alinawa mikono kwa muda mrefu.

Majibu yalikuwa mazuri, na hilo ndilo la kushangaza. Daktari alimketisha Seline akamweleza: utumbo wa mtu mzima una vinyuzi vidogo vinavyofyonza chakula, sawa na taulo, lakini wa Dishon ulikuwa kipara, laini kama sakafu. Damu yake ina askari, na askari hao wakiona ngano wanachanganyikiwa, wanaupiga utumbo wake mwenyewe.

"Mkate ndiyo unamuua, mama. Aache mkate, chapati, mandazi, kila kitu cha ngano. Ale ugali."

"Kwa hivyo si ukimwi."

"Si ukimwi."

"Na si mimi."

"Si wewe. Wala hakuna chira hapa."

Seline alilia mbele yake bila kujificha. Selpha alipokuja kumtazama mwanawe, daktari alimrudia maneno hayo hayo mbele ya mkwewe, na mama yule akawa anatazama viatu vyake.

Dishon aliacha bekari akala ugali wa mtama, samaki na mihogo. Nyama ilirudi mabegani. Majirani waliokuwa wamekwisha kumzika wakaanza kumwamkia tena, hawana haya. Seline angekuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Nyalenda, kama si lile tumbo.

Kwanza alidhani linanguruma. Mumewe akikaa kimya mchana, baada ya kula na kushiba, tumbo lilitoa sauti ndogo, ikipanda na kushuka. Seline akiwa jikoni alimsikia akizungumza na mtu. Akichungulia, anamkuta peke yake, mdomo umefungwa, na sauti inaendelea. Harufu ya mkate ilijaa nyumba, nyumba ambayo haikuwa na hata chembe ya unga wa ngano.

"Mama Akeyo," Dishon alimwambia siku moja, kwa sauti ya chini, asije akasikiwa na tumbo lake mwenyewe. "Mimi nimeshiba. Hiyo kitu ingine ndiyo iko na njaa."

"Kitu gani?"

"Ile iliniita hospitali. Nikiomba mkate usinipe. Hata nikilia. Si mimi."

Wiki hiyo hiyo jirani alikuja mbio kumwita. Alimkuta Dishon kwenye kibanda cha mama wa chapati, amepiga magoti kando ya beseni, mikono yote miwili ndani ya kinyunga kibichi, anakisokota na kukisukuma mdomoni, anakisukuma tena kabla hajameza, machozi yakimchuruzika na kichwa chake kikitikisika kukataa, huku mikono ikiendelea tu kulisha na tumbo likicheka, kicheko kidogo cha kushiba ambacho watu wote pale walikisikia na kila mmoja akajifanya ni mwenzake aliyecheka. Baada ya hapo alilala kitandani akiharisha damu. Sasa Seline alielewa. Kitu kile kilipenda mkate na hakikujali kwamba mkate unaua nyumba kilimopanga.

Alikwenda kwa daktari akamwambia yote. Alitegemea kufukuzwa. Khaemba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Mimi sina kipimo cha hicho kitu," alisema. "Lakini nilikivuta kikanivuta. Na ni mimi niliwanyamazisha watu."

"Sasa tufanye nini, daktari?"

"Akipata nafuu lazima amezeshwe kidonge mara ya pili, tuone utumbo umepona kiasi gani. Hiyo ni kawaida ya utafiti. Siku hiyo sitamnyamazisha mtu."

Selpha ndiye aliyekuja na sufuria kutoka Asembo, kubwa, ya matanga. Alizikabidhi sufuria nyingine kwa Seline na Jentrix.

"Iliingia kukiwa kimya," alisema. "Itatoka na kelele. Na ikikuita, mtu asifungue mdomo. Hata ikiita na sauti ya Yesu."

Siku hiyo ilipofika, Dishon amepata nafuu, ilikuwa mchana kweupe, jua limejaa dirishani. Dishon alimeza kidonge, picha ya eksirei ikaonyesha kimefika, na Jentrix akamdunga sindano ya usingizi. Alipoanza kukoroma, daktari aliwaashiria, wakapiga.

Mpira ulikaza hapo hapo. Daktari aliushika kwa mikono miwili.

"Jentrix," sauti iliita. Midomo ya Dishon haikucheza. Ilitoka chini zaidi, tumboni. Jentrix aliinamisha kichwa akapiga. "Daktari. Daktari, unaniumiza." Khaemba alikaza taya akavuta. "Mama. Mama, mimi mtoto wako, njaa inaniua," na Selpha alikuwa akilia waziwazi, akipiga sufuria ya matanga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika, akaendelea na kipande.

Halafu ikamgeukia Seline. Aliijua sauti ile, alikuwa amelala nayo kitanda kimoja tangu ujana wake, ndiyo iliyomwomba maji usiku wa homa na kumshukuru, na sasa ilikuwa ikimwambia Mama Akeyo, wananiua, wanautoa utumbo wangu wote, sema neno moja tu nijue uko hapa, sema hata ndiyo, nimekukosea nini mimi, na Seline alisimama kando ya dirisha akapiga na kupiga, meno yamezama kwenye mdomo wa chini mpaka damu ikamtiririka kidevuni, akijua kwamba kama huyu ni mumewe kweli anayekufa, basi anakufa akidhani mkewe amemtupa. Hakusema neno.

Mpira ulitoka. Vioo vya dirisha vililia, harufu ya mkate ikapita usoni mwao wote ikaenda nje, na tumbo la Dishon likanywea likatulia. Hakuna aliyeacha kupiga mpaka mikono ilipokataa.

Dishon aliamka baadaye, akawatazama mmoja mmoja wamelowa jasho.

"Hamjaanza tu?" aliuliza. Selpha alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika Seline akamwita binti yangu, jina ambalo hakuwahi kumpa.

Utumbo ulikuwa unaota vinyuzi upya. Daktari alimwonyesha Seline kwenye darubini, akaona kitu mfano wa nyasi changa. Tumbo halikusema tena. Harufu haikurudi. Ndugu za mume walianza kumletea samaki. Walikaa hivyo kwa amani mpaka mvua ndefu ikapita, na Seline akaanza kulala usingizi mzima, akaamini.

Jumapili moja, jua likiwa bado juu, walikuwa wawili nyumbani. Akeyo alikuwa ametumwa bombani na kijerikeni chake. Dishon alikula ugali na samaki, akalamba vidole, akaegemea kiti, kifua kimejaa. Alikuwa amependeza.

"Siku ile nilikuita," alisema polepole.

"Siku gani?"

"Hospitali. Nilikuita sana. Ulikuwa umesimama kando ya dirisha, umejiuma mdomo, damu ikafika hapa." Alinyoosha mkono akamgusa kidevuni.

Seline aliurudisha uso nyuma. Jambo hilo hakuwahi kumsimulia. Hakuna aliyemsimulia, walikuwa wamekubaliana wasimkumbushe kamwe.

"Baba Akeyo," alisema, "wewe ulikuwa umelala."

"Ndiyo," Dishon alisema. "Yeye alikuwa amelala."

Alitabasamu kwa upole, upole wa mumewe hasa, na akatazama mlangoni.

"Wewe hujui kuitika. Lakini mtoto anaitika haraka."

Seline alikuwa ameshatoka, hana viatu, anakimbia kuelekea bombani akiwasukuma watu, akitaka kulifikia lile koti dogo la njano la Akeyo kwenye foleni ya maji, amzibe mtoto mdomo kwa mkono. Nyuma yake, kutoka kwenye nyumba yao, sauti ya baba iliita mara moja, bila haraka. Hakuwa amefika nusu ya njia aliposikia mtoto akijibu kwamba anakuja.