Makofi Kwenye Banda la Video

Haya yalimpata Rahabu, rafiki yangu wa Buzebazeba, na mpaka leo hapendi kuyarudia. Alikuwa ametoka kazini hoi, akapitia banda la video kumchukua mama yake. Wiki nzima mama alishinda pale akitazama filamu ileile, ya mke na mume waliotenganishwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe ng'ambo ya ziwa. Mume wake mwenyewe alipotelea hukohuko, Rahabu akiwa bado mchanga.

"Mama, twende. Wale ni waigizaji tu."

"Kaa, mwanangu. Kwenye msafara wa wakimbizi baba yako yumo. Namsubiri ageuke."

"Na mimi nasubiri kulala. Utaugua kwa kumngoja marehemu."

"Nani kakwambia ni marehemu?"

Umeme ukakatika. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa maturubai, giza likawa zito. Watazamaji wakazomea, wakatoka mmoja mmoja, pakawa kimya. Kisha, upande wa shuka la kuonyeshea, yakasikika makofi mepesi, ya taratibu, kama Waha wanavyopiga wakisalimiana. Mama akayajibu kwa viganja vyake.

"Mwitikie baba," akanong'ona.

Rahabu akaikamata mikono yote miwili ya mama, akaibana mapajani ili asipige tena. Makofi yakaja yenyewe, safu kwa safu ya mabenchi, yakakoma ubavuni mwao.

Mama akashusha pumzi ndefu, akasogea kumpisha mtu. Benchi likalia, likabonyea kwa uzito.