Mkanda wa Kamera ya Bwana Nyama

"Vua huo mkanda shingoni, Gasto! Vua, nimesema!"

"Sivui!"

"Basi hutoki humu ndani!"

"Klara, gari linakuja saa mbili. Unataka Bwana Nyama anikute nabishana na mwanamke?"

"Mwanamke? Leo nimekuwa mwanamke? Jumapili kanisani nilikuwa nani?"

Jumapili padri alikuwa ametutangaza mara ya pili, Gasto wa Mkiwa na Klara binti Mazengo wa Itigi. Lilibaki tangazo moja tu, halafu ndoa. Na wacha niseme mapema, nisije nikaonekana sina moyo: huyu binti nilimpenda mpaka chakula kilinishinda.

Lakini asubuhi hiyo alisimama mlangoni kwao na pasi ya mkaa mkononi, inafuka moshi, na macho yake hayakuwa ya mchezo.

"Nipe tena hiyo karatasi."

"Ya nini?"

"Nipe!"

Nikampa. Karani wetu alikuwa ameiandika mbio mbio:

"Gasto, gari saa mbili kamili. Chukua filamu sita. Faru ameonekana tena, yule yule mwenye pembe iliyovunjika. Bwana anataka picha kabla hajampiga risasi. Usichelewe."

Klara alisoma polepole, midomo inacheza.

"Yule yule," akasema.

"Faru wako wengi."

"Karani kaandika yule yule! Aliyemuua Urbano!"

Urbano alikuwa kaka yake. Ndiye aliyekuwa mpiga picha wa Bwana Nyama, yule mzungu wa serikali wa wanyamapori, kabla yangu, mimi nikiwa msaidizi wake, mpaka mwaka hamsini na tatu. Kama huvijui vichaka vya Itigi usidhani ni msitu wa kawaida. Ni miti myembamba imesukana kama kikapu, unapita umeinama, na kila tawi linakushika nguo. Humo ndimo mkanda wa kamera ulimomnasa Urbano shingoni. Faru alipokuja, Urbano hakuweza kwenda popote.

"Zungusha mkononi," Klara akasema, sauti imeshuka kidogo. "Mara mbili kwenye kiganja, basi. Ukinasa, unaachia. Gasto, nakuomba."

"Mkononi kamera inatikisika."

"Itikisike!"

"Wewe hujui kazi hii. Mle ndani ni giza mchana kweupe. Ukipiga, kamera inakaa wazi muda kidogo ili ipate mwanga. Mkono ukicheza hata kidogo, faru anatoka kama moshi. Bwana anaitupa picha na wewe anakutupa."

"Na shingoni?"

"Shingoni unaisukuma kamera mbele hivi." Nikamwonyesha. Nikanyoosha mikono mbele mpaka mkanda ukakaza nyuma ya shingo. "Umeona? Imetulia kama imewekwa mezani. Ndiyo namna yake. Imeandikwa kwenye kitabu kilichokuja na kamera."

"Kitabu cha Kiingereza."

"Ndiyo, cha Kiingereza. Si ndiyo maana nilisoma?"

"Wewe na darasa lako la kumi! Waliokiandika walikuwa wanapiga picha maua uani kwao. Kitabu hicho kinajua miiba ya Itigi?"

"Kinajua kuliko wewe! Hata Urbano nilipomwonyesha alinicheka hivyo hivyo, na picha yake ya kwanza ikatoka safi kama..."

Nikajishika mdomo. Nilikuwa nimechelewa.

Klara akaiweka pasi juu ya jiwe. Taratibu sana.

"Ulimwonyesha nani?"

"Nimesema tu."

"Gasto. Kwenye matanga ulisimama mbele ya baba na wazee wote. Ukasema ulimkataza Urbano kuvaa mkanda shingoni. Ukasema alikuwa mbishi. Mama alilia akasema, mwanangu amekufa kwa ubishi wake. Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Kumbe wewe ndiye uliyemfundisha."

"Klara..."

"Jibu!"

"Ndiyo. Hakujua Kiingereza, nikamsomea. Nilidhani namsaidia."

Nje upepo ulikuwa umeanza, vumbi jekundu linagonga bati. Nilitamani gari lifike. Nilitamani pia lisifike kabisa.

"Ulisema ulikuwa mbali," akasema. "Juu ya mti. Ukafika amekwisha kufa. Hilo nalo?"

"Klara, tuyaache."

"Ulikuwa wapi?"

"Karibu."

"Karibu wapi? Kama mimi na wewe hapa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kisu ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho."

"Kwa nini hukukata?"

Sasa hapa mtu wa leo hawezi kunielewa. Mkanda ule ulikuwa na mhuri wa taji la Uingereza. Kila kitu cha Bwana Nyama kilipigwa mhuri, mpaka sufuria. Mwaka ule ule Mathayo, mpagazi wetu, alikata kamba ya hema ili afunge mzigo wake, akafungwa miezi mitatu. Kamba tu! Tulishaingiwa na woga huo mpaka kwenye vidole. Cha serikali hukati. Unafungua.

"Nilikuwa nafungua bizimu," nikasema.

"Nini?"

"Bizimu. Kile chuma cha kufungia mkanda. Kilikuwa kimebanwa na tawi, nikawa nahangaika nacho. Nilimsikia faru anavuma, nikaendelea kuhangaika nacho. Kisu kiko kiunoni. Hata haikunijia, Klara. Naapa kwa Mungu, haikunijia kabisa kwamba mkanda wa serikali unaweza kukatwa."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliniangalia kama mtu anayekagua nguo aliyoishona mwenyewe akaikuta imepinda.

"Na kazi yake ukaichukua."

"Bwana ndiye alinipa."

"Na mimi je? Alikupa Bwana?"

"Nilikupenda kabla ya yote hayo! Kama ningesema, baba yako angenikubali? Wewe ungenikubali?"

"Hukunipa nafasi ya kujua!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mzee Mazengo akaingia, ameshika fimbo yake ya kuchungia, viatu vya matairi vimejaa matope ya zizini.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba." Akakaa kwenye kigoda. "Endeleeni. Mbona mmenyamaza? Huko zizini nimesikia yote, hata ng'ombe wamesikia."

"Baba, huyu..." Klara akaanza.

"Nimesikia, mwanangu. Amesema ukweli. Hajasema wote."

Mzee akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua juu ya goti bila haraka. Ndani palikuwa na kifungo cha shati na kipande cha kaki kimening'inia kwenye uzi.

"Mimi ndiye niliyemwosha Urbano," akasema. "Mkono wa kulia ulikuwa umefumba. Tulihangaika kuufumbua, mimi na jirani yetu Philipo. Hiki kilikuwa humo. Shati la Urbano lilikuwa na vifungo vyake vyote, nikavihesabu. Gasto, ni cha nani?"

"Baba..."

"Ni cha nani?"

"Changu."

"Mwambie mwenzako kilifikaje mkononi mwa kaka yake."

Nikaongea nikitazama sakafu.

"Faru alipotokea niliacha bizimu. Urbano akanishika shati. Akasema, usiniache. Nikajivuta."

"Ukajivuta," Mzee akasema.

"Nikajivuta, shati likachanika, nikapanda mti."

Gari likapiga honi barabarani. Hakuna aliyegeuka.

"Nisikilize," Mzee Mazengo akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, ndiyo ikanitisha. "Faru ni faru. Mimi nimechunga miaka arobaini kandokando ya vichaka hivyo, nimekimbia mara nyingi kuliko umri wako. Ungekuja siku ile ukasema, baba, nilikimbia, ningelia na wewe. Na binti ningekupa. Lakini umekaa mwaka mzima unakula ugali wangu, unaniita baba, na unamwacha marehemu aitwe mbishi."

"Nisamehe, baba."

"Nilikuwa nangoja. Nilisema, atasema kabla ya tangazo la kwanza. Kimya. Kabla ya la pili, kimya. Jumapili hii padri akiuliza kama kuna mwenye kizuizi, ningesimama na hiki kifungo."

"Baba!" Klara aligeuka kama amechomwa. "Ulijua? Ulijua ukaniacha nitangazwe mara mbili, nishone gauni, niimbiwe na wasichana wenzangu kisimani?"

"Nilitaka aseme mwenyewe."

"Na mimi? Mimi nilikuwa chambo cha kumtegea?"

Mzee akainua macho kumtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona kweli binti yake.

"Wote wawili mmenifanya mjinga ndani ya nyumba hii," Klara akasema. "Kila mmoja kakaa na lake, mimi napiga pasi." Akajitanda khanga kichwani. "Nakwenda misheni. Jumapili hakuna tangazo. Nitamwambia padri mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Asisimame mtu kanisani kunisemea."

"Klara, ngoja," nikasema. "Nikirudi kutoka porini tukae, tuongee, mimi na wewe tu."

"Ukirudi nenda kwa mama. Yuko shambani mpaka jioni. Mwambie mwanawe hakuwa mbishi. Hilo tu ndilo nalitaka kwako."

"Na sisi?"

Alinitazama. Kwa kitambo kidogo nilimwona tena yule Klara wangu. Halafu yule akatoweka.

"Hakuna sisi, Gasto," akasema, akatoka.

Honi ikalia tena, ndefu, ya mtu aliyekasirika. Nikaokota mfuko wa filamu. Filamu sita, zote zipo. Nikamwangalia Mzee, labda atasema neno. Alikuwa anakifunga kitambaa chake, fundo la kwanza, fundo la pili.

"Kwaheri, baba."

"Ukitoka funga mlango," akasema. "Vumbi."

Nikatoka. Nikaufunga.