Anayegonga Ghorofani

Wewe ungepanda?

Usijibu haraka. Fikiri kwanza. Ni mwezi wa kumi, jua ndiyo kwanza limezama, uko pembeni mwa lami kilomita moja kabla ya daraja la Sitalike. Viboko unawasikia mtoni wakikoroma. Mbele yako kuna lori la kubeba magari, mawili chini, matatu ghorofani, yote yamefungwa minyororo. Na mwanamke unayemheshimu kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kukufundisha anakuonyesha ngazi nyembamba ya chuma na kukwambia, "Panda mdogo wangu. Ukae kwenye ile nyeupe ya mwisho. Dakika kumi tu."

Kabula alipanda.

Wanaomfahamu kule Majimoto wanashangaa mpaka leo. Kabula Mwandu hakuwa mtu wa kupandishwa ovyo. Alikuwa ameendesha fuso la mpunga kwa miaka sita, masika na kiangazi, kwenye tope la Mpimbwe ambamo wanaume wazima huacha lori wakaenda kulala kwa shemeji. Alikuwa na leseni daraja E. Baba yake, mzee Mwandu, mwenye ng'ombe na maneno machache, alishakubali kwamba binti yake hataolewa na yeyote anayeogopa gia.

Lakini Kabula alikuwa anataka kitu.

Alikuwa anataka kiti cha dereva wa lori la kubeba magari. Alikitaka tangu mwezi wa nane, tangu ile semina ya wanawake na udereva iliyofanyika Mpanda mjini, yenye bango kubwa kuliko ukumbi. Watu ambao hawajawahi kubadilisha tairi waliongea saa mbili kuhusu kuthubutu. Waligawa maji ya chupa. Walipiga picha. Kisha akasimama mwanamke mmoja mnene, wa miaka arobaini na kitu, mikono imejaa makovu ya minyororo, akasema, "Mimi naitwa Nyamizi, kwetu Ugalla. Nitaongea dakika tano, maana nyie mmechoka na mimi nimechoka."

Akawaambia ukweli. Namna ya kulifunga gari dogo juu ya lori kubwa lisisogee hata unene wa kidole. Namna ya kujisaidia barabarani bila kupoteza heshima. Namna mafundi watakavyokuuliza bosi wako yuko wapi wakati bosi ni wewe. Kabula alitoka pale kama mtu aliyeposwa. Hata kilemba chake cha njano alikisahau kwenye kiti. Aliporudi kukifuata, hakukikuta.

"Kampuni ina nafasi moja," Nyamizi alimwambia kwenye simu wiki mbili baadaye. "Njoo safari moja na mimi, Mpanda mpaka Sumbawanga. Nikikuona unafaa, nakusemea mwenyewe. Mimi wakinisikia wamesikia."

"Na yule wa mwaka jana, dada?"



"Emelyne alirogwa," Nyamizi akasema. "Mambo ya kwao Katumba. Usiyabebe."

Kila mtu alikuwa anajua hivyo. Emelyne, binti wa miaka ishirini na mitatu, familia ya watu waliotoka Burundi enzi za babu zao, alikuwa anajifunza kazi kwa Nyamizi. Siku moja alikutwa amekufa pale Sitalike, chini ya mti kwenye maegesho ya malori, hana jeraha. Nyamizi ndiye aliyempeleka nyumbani. Alinunua jeneza na alilia kuliko ndugu. Ndugu nao wakatafuta mchawi, wakampata upesi, kama kawaida: mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume. Shangazi yake Emelyne, bibi Lidia. Wakaichoma nyumba yake. Sasa analala kwenye banda la kanisa huko Litapunga, na watoto wakipita wanakimbia.

Kabula hakuamini mambo ya uchawi. Alisema hivyo mara nyingi, tena kwa sauti.

Basi wakaondoka Mpanda saa kumi na mbili kasoro. Nyamizi aliendesha vizuri, mkono mmoja juu ya usukani, anaongea. Aliongea sana. Aliongea kuhusu breki, kuhusu marehemu mume wake, kuhusu magoti. Kabula alikuwa anasikiliza kwa raha.

Mpaka waliposhuka mteremko mmoja, Nyamizi akapunguza mwendo na kuvuta pumzi.

Ko.

Ko, ko.

Sauti ilitoka nyuma. Juu. Si sauti ya chuma. Kabula anakijua chuma. Ilikuwa sauti ya mfupa wa kidole kwenye kioo.

"Dada, umesikia?"

"Baba yako ana ng'ombe wangapi?" Nyamizi akauliza.

"Kuna kitu kinagonga."

"Wengi, eh? Nyie Wasukuma hamsemi." Akacheka. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na kioo chake kilikuwa wazi mpaka chini.

Kilomita moja kabla ya daraja akasimamisha lori. Akaeleza. Pale Sitalike hukaa mkaguzi wa kampuni, anaitwa Silvester, mtu wa kanuni. Kampuni hairuhusu abiria mbele, hata awe mwanafunzi. Akimwona Kabula, Nyamizi hana kazi, na Kabula hana nafasi. Kwa hiyo mwanafunzi hupandishwa ghorofani, hulala kwenye gari la mwisho, mkaguzi hutazama karatasi, safari huendelea.

"Ndivyo tunavyofanya siku zote," akasema.

"Siku zote na nani?"

"Panda, mdogo wangu. Mbung'o wanatumaliza."

Kweli mbung'o walikuwa wengi. Wanauma juu ya nguo. Kabula akapanda, Nyamizi nyuma yake akihema. Milango ya pembeni ya gari lile haikuweza kufunguka hata kidogo. Nguzo za lori zilikuwa zimeibana pande zote mbili. Njia ilikuwa moja, buti. Nyamizi akaifungua kwa ufunguo. Kabula akatambaa ndani, akavuka mgongo wa siti ya nyuma, akakaa hapo.

"Nafunga, wasikuingilie hao wadudu."

Buti ikafungwa.

Hatua zikashuka ngazi. Lori likaanza kwenda taratibu.

Hapo ndipo Kabula alipofikiri. Angepaswa kufikiri mapema, lakini dereva wa fuso hana buti, hajui tabia zake. Akageuka, akapapasa mlango wa buti kwa ndani.

Laini. Hakuna kishikio.

Akabonyeza swichi ya kioo. Kimya. Vioo vya umeme, na ufunguo uko mfukoni kwa Nyamizi.

Joto. Gari lilikuwa limeshinda juani mchana kutwa na joto lilikuwa bado limo, limejikunja kwenye siti kama mnyama. Kulikuwa na harufu ya plastiki mpya. Na chini yake, harufu nyingine. Kama mkojo uliokaukia kwenye nguo. Gari lilikuwa halijawahi kutumika hapa nchini. Nailoni ilikuwa bado imefunika siti.

Mwanga ulikuwa bado upo kidogo. Ndipo akakiona.

Kwenye kichwa cha siti ya mbele kulikuwa na kitambaa cha njano kimefungwa mafundo. Akayahesabu kwa kidole. Saba.

Kilemba chake.

Kando yake kulikuwa na kingine, cha pinki, kilichochakaa. Mafundo saba. Vilemba viwili vilikuwa vimeunganishwa ncha kwa ncha, kama watu walioshikana mikono.

Lori likasimama. Akasikia mlango wa Nyamizi ukifunguka, sauti ya mwanaume ikisalimia, kicheko, hatua zikienda mbali. Kisha viboko. Kisha hata viboko wakanyamaza.

Nailoni ya siti ikatoa sauti.

Upande wake wa kushoto. Taratibu. Kama mtu anakaa vizuri.

Kabula hakugeuka. Mwili mzima ulitaka kugeuka isipokuwa shingo.

Ko.

Kwenye kioo cha kushoto. Kwa ndani.

Ko, ko.

Ukungu ukatanda kwenye kile kioo, duara dogo, kama linalotokea mtu anapohemea kioo kwa karibu. Likapungua. Likatanda tena. Likapungua.

"Dada..."

Sauti ilikuwa kavu, ya koo lisilo na mate.

"Dada, anakula bado?"

Kabula alifungua mdomo, hewa haikuingia. Mkanda wa siti ulikuwa umempita kifuani. Hakuwa ameufunga yeye. Ulikuwa unajivuta kidogo kidogo.

"Tukae wote," ile sauti ikanong'ona. "Amesema utakaa nami. Amesema ukija wewe, mimi nishuke."

Kitu cha baridi kikagusa kiganja chake. Vidole. Kucha zilikuwa zimevunjika.

Na Kabula, ambaye alikuwa haamini, alimwamini. Cha ajabu ni kwamba hakumwogopa tu. Alimwonea uchungu. Maana kucha haziwezi kuvunjika chini ya mti. Mtu akifa ghafla kwenye kivuli hana cha kukwaruza. Mtu huvunja kucha akiwa anatafuta mlango.

"Emelyne," akasema. "Si shangazi yako aliyekuua, eh?"

Ukungu kwenye kioo ukasimama.

"Niachie mkono," Kabula akanong'ona. "Niachie nifike mbele. Honi haihitaji ufunguo."



"Mimi sikujua hilo," ile sauti ikasema. Ilisema kama mtoto aliyekosa swali moja la mtihani. "Hakunifundisha honi."

Mkanda ukalegea.

Kabula akajitupa katikati ya siti za mbele, akaukandamiza usukani kwa viganja vyote viwili. Honi ikalia. Akaikandamiza isinyamaze. Ikalia, ikalia, mpaka gari la mbele yake, lililokuwa halina mtu, likaitika.

Kisha la mbele yake tena.

Kisha yale mawili ya chini.

Magari matano, funguo zote mfukoni mwa mtu mmoja, yakawa yanalia kwa pamoja kwenye kigiza cha Sitalike. Watu wakatoka kwenye mabanda. Mbwa hawakubweka. Kabula anasema hilo ndilo lililomtisha zaidi baadaye, kwamba mbwa walilala chini.

Mwanga wa tochi ukapanda ngazi. Mwanaume mrefu, koti la kampuni. Bila shaka ndiye Silvester. Akagonga buti kwa kofi.

"Nani yuko humo? Nyamizi, lete ufunguo. Nyamizi."

Nyamizi alipanda polepole. Ufunguo ukakataa mara mbili kuingia tunduni. Buti ilipofunguka, honi zote zikakatika mara moja.

Kabula akaanguka nje kwenye chuma, akavuta hewa kama anayekunywa.

"Toba," Silvester akasema taratibu. "Huyu ni nani? Dada, ulikuwa peke yako humu?"

"Hapana," Kabula akasema. "Tulikuwa wawili."

Silvester akamulika ndani. Siti tupu. Vilemba viwili. Na kwenye kioo cha kushoto, kwa ndani, duara la ukungu. Lilipungua. Likatanda.

Akashusha tochi, akairudisha tena.

"Mganga gani alikupa haya mafundo?" Kabula akamuuliza Nyamizi. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. Hakuwa na nguvu ya kupaza. "Ulitaka nikae humu kwa muda gani?"

"Wewe huelewi," Nyamizi akasema. "Anagonga kila safari. Nikibadilisha gari, anagonga. Nikibadilisha lori, anagonga. Mimi nilitaka apumzike."

"Mtu aliyerogwa na shangazi yake anakugongea wewe kwa nini?"

"Mdogo wangu, nilitaka kukusaidia upate..."

"Usiniite mdogo wako. Kuna bibi analala kwenye banda Litapunga. Ongea."

Watu walikuwa wamejaa chini ya lori, nyuso zimeinuliwa. Nyamizi akawatazama, akamtazama Silvester, kisha akatazama ndani ya gari, siti ya kushoto, kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza maelekezo. Akakaa kwenye chuma.

"Lidia hakufanya chochote," akasema. "Mimi ndiye niliyemfungia Emelyne. Saa sita mchana, jua la mwezi wa kumi. Nilidhani utaondoka mapema, Silvester, hukuondoka. Uliagiza samaki wa migebuka, ukanikaribisha mezani. Ningemfungulia mbele yako ningefukuzwa, na miaka yangu yote nane ya kazi ingekuwa ya bure. Nikakaa. Nikala. Nilikuwa namsikia anagonga, namsikia vizuri tu, mpaka saa tisa. Ulipoondoka ndipo nikamshusha, nikamlaza chini ya mti. Hata wewe ulisikia. Uliniuliza ni nini kinagonga hivyo, na mimi nikakwambia ni bati, linatanuka kwa jua."